Hesabu ya Mistari

Mhariri amesema kumi na mbili.
Sura kumi na mbili, maneno mia nane kila moja,
"zilingane kama matofali," kasema Bwana Kyando,
kisha akachukua karatasi kubwa palepale mezani, Mtaa wa Sikukuu,
akaikunja mara moja, mbili, tatu,
ikazaa kurasa kumi na sita.
"Nakupa karatasi nne. Kurasa sitini na nne.
Ukizidisha ukurasa mmoja, mimi nalipia kumi na sita."

Nikarudi Buguruni na rula kichwani.
Sura ya kwanza ilizidi maneno mawili;
nikafuta "sana", nikafuta "kabisa".
Ya pili ilipwaya, nikaijazia manyunyu.
Ya nne, ile ya mafuriko, ilifika elfu mbili.
Chande anatafuta kiatu chake cha kushoto Jangwani,
maji yamegusa kitasa cha mlango,
nami nahesabu maneno kama karani wa ghala.
Nikaikata vipande viwili na nusu.
Ile nusu sikujua niiweke wapi.

Jumamosi nikampelekea Semeni.
Ana miaka minane, meno ya mbele hayajarudi yote.
Amekaa chini, kati ya magoti ya Tunu msusi,
mafuta ya nazi yanamchirizika shingoni.
"Soma kwa sauti," Tunu akamwambia, "usinisinzilie."

Akasoma. Kidole mbele, sauti nyuma.
Tunu akachora njia kwa ncha ya chanuo,
kutoka panda la uso hadi kisogoni:
twende kilioni, mstari wa kwanza, jirani na sikio.
Mfupi. Ukaisha, na sura bado.
"Geuza kichwa."
Semeni akageuza kichwa, akapoteza alipofika,
akarudia sentensi aliyokwisha kuisoma,
akapiga mwayo mrefu kuliko sura yenyewe.

Mistari ya utosini ndiyo mirefu.
Mafuriko yalimkuta huko,
na yalimkuta mazima, elfu mbili zote,
maana nilikuwa nimebeba mswada wa kwanza,
sijui kwa nini, labda kwa hasira.
Chanuo lilimvuta, hakusema "uwii".
Jirani aliyekuja kudai ndoo yake
akaipata, akabaki mlangoni ameishika.
Vidole vya Tunu vikasimama:
"Kiatu kimeonekana?"
"Subiri, dada, sijafika."

Nikahesabu kichwa cha mtoto. Mistari tisa.
Ya pembeni mifupi, ya kati mirefu,
na mmoja nyuma ya sikio la kulia,
mwembamba kama kamba ya kiatu,
Tunu aliusuka kwa pumzi moja.
Hakuna aliyekiambia kichwa kile kilingane.
Semeni aliomba kioo, akajitazama upande huu, upande ule,
akacheka na mapengo yake.

Sura ya bibi nimeitoa.
Nilikuwa naipenda; bibi analalamikia bei ya mkaa
kurasa tatu, kwa ufundi mkubwa.
Semeni aliuliza, "Huyu anaondoka lini?"
Ameondoka, mwanangu. Amebeba na mkaa wake.

Ya mwisho niliiandika usiku uleule,
ukurasa mmoja, tena haukujaa:
Chande anakivaa kiatu. Kinambana.
Mguu umekua wakati anakitafuta.

Jumatatu nitapanda ngazi za Bwana Kyando.
Tisa, nitamwambia, na hazilingani.
Atakunja uso, kisha atakunja karatasi,
mara moja, mbili, tatu, nne zote,
na sitini na nne zitatosha: nimepanga mwenyewe,
tena mmoja, baada ya mafuriko, umebaki mweupe.
Akiuliza ule mweupe wa nini,
nitamwambia ni wa Semeni,
ageuze kichwa.